Kiuno Changu na Matembezi ya Salamu

Jumatatu, 8 Septemba

Sentimita mia moja na kumi na nne! Hicho ndicho kiuno changu, kwa mujibu wa Sista Loice wa zahanati, aliyenizungushia tepu ya fundi cherehani mbele ya umati, kana kwamba anapima gunia la nazi. Akasema kisukari na presha vimejaa Msambweni na sisi tumeketi tu. Kweli tupu! Nimeyasema hayo miaka kumi na tano katika barua zangu kwa wahariri. Zote kali. Mbili zilichapishwa.

Kisha habari yenyewe. Vitaundwa vikundi viwili vya mazoezi. Kila anayejiunga atapimwa kwanza. Kitakachopunguza viuno zaidi kufikia Jumamosi ya tarehe ishirini, kiongozi wake atakuwa mwenyekiti wa kamati ya afya ya mtaa.

Mwenyekiti! Kazi niliyozaliwa nayo. Nimegombea uenyekiti wa maji, wa shule na wa makaburi. Mara zote watu waliogopa akili zangu.

Mpinzani ni Jared, kijana wa bara anayefundisha mazoezi katika hoteli moja ya Diani na aliyepanga chumba jirani na uwanja wa mpira. Misuli kila mahali. Vitabu, hana hata kimoja. Hakuniamkia. Aliniambia, "Buda, kuja tu uwanjani, hatuumi watu."

Buda! Mimi, Abubakar bin Nassir!

Jumanne, 9 Septemba

Mpango umezaliwa baada ya alfajiri. Jared anawaita watu uwanjani; mimi nitawafuata majumbani. Tutatembea nyumba kwa nyumba kila asubuhi tukitoa salamu na kumchukua mwenye nyumba tuendelee naye. Nani atakataa aliyesalimiwa mlangoni kwake? Nimeyaita Matembezi ya Salamu. Hakuna mzungu aliyewahi kufikiria jambo kama hili.

Nilimwambia mke wangu Twaiba. Akauliza njia inapita wapi. Nikamtajia nyumba zote. Akacheka hadi akashika ukuta. Wanawake hawaelewi mikakati.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Tuliondoka watatu: mimi, Kombe muuza viazi vya karai, na Nzai fundi baiskeli. Tukarudi kumi na moja!

Dosari ndogo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Hafsa. Kupiga hodi tu, akatandika mkeka. Mahamri na mbaazi za nazi, zingali zinatoa moshi. Nikamweleza kuwa tumo mazoezini. Akasema vizuri sana, mtu wa mazoezi anahitaji nguvu. Nikasitasita. Kombe akaninong'oneza, "Mwalimu, ukikataa chakula cha mtu mlangoni kwake umemwambia hajui kupika." Nikala manne.

Nyumba ya pili, kaimati. Ya tatu, mkate wa sinia. Saa mbili nzima, nyumba tatu. Kesho tutaongeza kasi.

Ijumaa, 12 Septemba

Wanachama thelathini na mmoja! Jared ana kumi na wanne. Nilipita uwanjani alasiri nikijifanya natafuta mbuzi. Wanaruka-ruka kama waliokanyaga siafu. Hakuna mazungumzo, hakuna hoja. Niliona akina mama wamejifunga leso na kuvaa raba, lakini jua lilinipiga machoni nisitambue nyuso.

Twaiba hakuwa nyumbani niliporudi. Amekwenda kwa dada yake. Anakwenda huko kila alasiri sasa. Namsifu mtu anayeunga udugu.

Kuhusu chakula: nimeandika waraka. Kurasa nane, dhidi ya mafuta, sukari, tui zito na woga wa kusema hapana. Nimeubandika mlangoni pa karakana ya Nzai. Kuanzia kesho, hakuna mwanachama atakayekula kwenye matembezi. Nathari yake ni moto mtupu. Niliisoma kwa sauti mara tatu.

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa. Watu wameusoma waraka.

Bi Hafsa alitusalimia kupitia dirishani na kulifunga. Bi Rai, jirani yake, alisema kumbe mbaazi zake ni sumu, basi amrudishie mumewe miaka thelathini aliyozila. Mumewe, aliyekuwa nyuma yangu kwenye msafara, alirudi ndani kumbembeleza na hakutoka tena. Tulitembea peke yetu kama wakimbizi. Kumi na wanane wakajitoa kabla ya saa tatu.

Fikiri, Abubakar! Fikiri!

Jumapili, 14 Septemba

Nimefikiri! Tonge la heshima. Kila nyumba, mtu ale tonge moja tu. Heshima imetimizwa, kiuno kimesalimika. Hata madola makubwa hayajawahi kutia saini mkataba wa namna hii. Nimeupeleka nyumba kwa nyumba mwenyewe. Wote wamekubali. Bi Hafsa amefungua dirisha.

Jumanne, 16 Septemba

Wanachama arobaini na sita! Msafara unaziba njia. Bodaboda zinasubiri!

Sikutarajia jambo moja. Kwa kuwa ni tonge moja tu, kila mwenye nyumba analifinyanga yeye mwenyewe. La Bi Hafsa leo lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto, na ndani mlikuwa na yai zima. Bi Rai aliposikia, akatia mawili. Nyumba ishirini na mbili. Nimehesabu matonge. Baadaye nikaacha kuhesabu.

Nilikuwa nimejipima kiuno kwa kamba ya katani wiki iliyopita nikaifunga fundo. Leo ncha haifiki kwenye fundo. Kamba imesinyaa kwa unyevu wa bahari.

Jumatano, 17 Septemba

Nimesoma historia ya vita vyote vikubwa. Jeshi hushindwa tumboni. Twaiba alipokwenda tu kwa dada yake, nilichukua sufuria yetu kubwa, ile yenye mpini mmoja uliovunjika, nikampelekea Bi Hafsa anipikie pilau ya nyama. Kombe ameipeleka uwanjani kama zawadi kutoka kwa shabiki asiyetaka kutajwa. Mazoezi yao yalikuwa yanakwisha. Njaa tupu! Nimecheka peke yangu hadi magharibi.

Alhamisi, 18 Septemba

Sufuria imerudi. Imejaa!

Wali wa nazi na samaki wa kupaka, hadi ukingoni. Nilikuwa barazani na wanachama wangu. Kabla sijafungua kinywa kupinga, wao walikwisha fungua vyao. Ilibaki miiba.

Nikamkamata Kombe. Akaropoka yote. Pilau yangu ilipelekwa kwa wanafunzi wa madrasa. Jared alitaka kurudisha sufuria tupu, maskini, mtu wa bara, hajui. Mama mmoja akamkataza, akamwambia chombo cha jirani hakirudi kitupu, tena huyu jirani anamjua kwa mpini uliovunjika. Akapika mwenyewe.

Nikauliza mama gani.

Kombe akatazama miguu yake.

Twaiba! Ameolewa nami miaka ishirini na sita! Alipoingia nilikuwa namngoja mlangoni. Nikamwambia amenisaliti. Akasema, "Baba Feisal, hukuniuliza. Uliniambia tu." Kisha akauliza samaki walikuwaje.

Walikuwa wazuri sana. Sikumwambia.

Jumamosi, 20 Septemba

Vipimo, mbele ya mtaa mzima. Kikundi cha Jared kimepungua sentimita hamsini na nane. Twaiba peke yake saba!

Chetu kimeongezeka sabini na moja. Sista Loice alihesabu mara mbili, akavua miwani, akahesabu tena. Kiuno changu: mia moja na kumi na tisa. Nilisimama nikatoa hoja kwamba sayansi hupima mabadiliko, si upungufu, na kwa hesabu hiyo sisi ndio washindi. Nilizungumza dakika arobaini. Watu walipiga makofi nilipoketi.

Kisha Jared akasema yeye anafundisha tu. Aliyewaandikisha wote na kuwaamsha wavivu tangu siku ya kwanza ni Bi Twaiba. Mwenyekiti ni Twaiba. Vigelegele! Bi Hafsa ndiye aliyeanza.

Jared akaja kuniamkia. Shikamoo kamili. Kafundishwa na nani, sihitaji kuuliza.

Jumapili, 21 Septemba

Mwenyekiti ametoa amri yake ya kwanza akiwa bado kitandani: kesho alasiri nifike uwanjani na raba. Akanishika tumbo, akasema anataka kuzeeka na mtu, si kuzeeka na picha yake ukutani. Nikageukia ukuta. Vumbi liliniingia machoni.

Amri ya pili: niwaombe radhi wote niliowaudhi kwa ule waraka. Kabla ya uwanja.

Haki. Nimeketi nikaorodhesha. Nyumba thelathini na mbili. Na hapo ndipo akili iliponiwakia kama taa! Nitakwenda kwa miguu, asubuhi, nyumba kwa nyumba, na wote watakaonisamehe nitaondoka nao. Matembezi ya Radhi! Jared atalia!

Nimeshatuma habari kwa Bi Hafsa nitaanzia kwake. Amejibu niwahi, mbaazi amekwisha roweka.