Tabibu Mvuke na Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku njema. Pasi imeshika moto mara moja, wanga haukufanya mabonge, na chapisho langu mtandaoni limesomwa na watu elfu tatu. Mimi, dobi wa chumba kimoja! Nililiandika wiki iliyopita kwa jina la Tabibu Mvuke, nisijulikane. Linasema: mvuke wa pasi, dakika tano kila asubuhi, huondoa ukungu machoni. Kwa matokeo mazuri, mtafute dobi aliye karibu nawe. Nilidhani ni ujanja usiomdhuru mtu.

Jirani wa Mashine, yule dobi wa ng'ambo ya barabara mwenye mashine ya kufulia ya mlango wa kioo, leo hakupata hata soksi. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Saa nne akaingia mama mkwe. Ana mtoto wa jicho, jicho la kulia (la kushoto halioni vizuri tangu zamani), na Ijumaa hii ndiyo siku yake ya upasuaji. Madaktari wa macho hufika hospitali yetu mara moja tu kwa mwaka. Akavua miwani, akavuta kiti hadi mezani, akaniarifu kwamba kwenye upasuaji haendi tena. Kwa nini akatwe jicho ilhali Tabibu Mvuke ameshaeleza dawa? Akaniomba niwashe pasi.

Ningefanya nini? Nikaikandamiza juu ya kitambaa kibichi, kule mwisho wa meza, karibu na dirisha. Mvuke ukajiendea zake nje. Akasema tayari anaona tofauti.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeamua kulifuta. Kazi ndogo. Ila simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, na shati lilikuwa kwenye pipa la kulowekea tangu asubuhi. Miaka kumi na sita napekua mifuko ya wateja. Nimeokoa pete, vyeti, na jino moja la dhahabu. Mfuko wangu sikuupekua. Simu imetoka safi sana. Haitawaka tena.

Nikaazima simu ya mke wangu. Kampuni yenye mtandao huo ikataka nithibitishe kuwa mimi ni mimi: nilizaliwa lini, mnyama wangu wa kwanza aliitwa nani. Nilipojiandikisha nilidanganya kila kitu ili nisishikwe. Sasa sikumbuki nilidanganya nini. Nimejaribu majina tisa ya paka. Nimefungiwa.

Nikalilalamikia chapisho kama msomaji wa kawaida mwenye uchungu. Jibu likaja baada ya dakika mbili: wamelipitia, halikiuki kanuni zao. Niliona fahari kidogo, kisha nikalikumbuka lile jicho.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimeipima kampuni. Nikaandika ukweli mtupu, kwa jina langu halisi: Jirani wa Mashine amechana suruali ya karani wa posta, sehemu ya kukalia, na picha hii hapa. Chapisho limeondolewa ndani ya dakika nne. Eti picha haina staha. Suruali ilikuwa imetundikwa ukutani. Hamkuwa na mtu ndani!

Uongo wangu unapeta, ukweli wangu umefutwa. Wakili alipokuja kuchukua joho lake, nikamwomba atunge sheria. Kampuni ifute kila la uongo siku hiyo hiyo, na waandishi wa uongo wafungwe midomo. Akauliza nani ataamua lipi ni la uongo. Nikamwambia mimi nina nafasi mchana. Akauliza, je, siku ya zamu ya Jirani wa Mashine? Sikulipenda swali hilo.

Huku akikagua kola, akasema yeye hataki watu wanyamazishwe, hata wakisema upuuzi. Lakini kampuni inapouchukua upuuzi huo na kumpelekea mgonjwa wa macho, kwa sababu imeona anatafuta habari za macho, hapo ijibu. Nani alilipitia? Kwa nini limebaki? Mtu akate rufaa kwa binadamu gani? Akanionyesha fomu ya kulalamikia madhara, inayosomwa na binadamu, imefichwa chini kabisa ya ukurasa. Ina swali moja baya: unajuaje kwamba habari hii si ya kweli? Nikaifunga haraka.

Wakili alinitazama sana. Nadhani ni kazi yao inawazoesha.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza. Nimemzua Profesa Baridi. Yeye anaonya kwamba mvuke hautibu macho na kila mwenye mtoto wa jicho aende akafanyiwe upasuaji. Nikamsomea mama mkwe kwa sauti nzito. Akasema huyo profesa ana wivu tu, tena anaandika kama mtu aliyefukuzwa shule. Tabibu Mvuke ndiye mwenye huruma.

Akasogea ili aanze matibabu. Akanyoosha mkono kutafuta ukingo wa meza, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye pasi ya moto. Niliudaka hewani. Pasi kubwa, nyekundu, mbele ya uso wake, na hakuiona.

Niliogopa kweli. Nikazima pasi, nikamwambia, mama, Tabibu Mvuke ni mimi. Akauliza, hata ule upole wa maneno ni wako? Nikakiri. Akasema basi macho yake yalianza kuharibika zamani, maana aliyeniozesha binti yake ni yeye mwenyewe. Kisha akamwagiza mke wangu apige simu hospitali. Nafasi yake ilikuwa bado haijapewa mtu.

Nikaifungua ile fomu. Unajuaje kwamba habari hii si ya kweli? Nikaandika: kwa sababu niliitunga mimi, nikisubiri pasi ishike moto. Nikatuma kabla sijabadili nia.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Upasuaji wa jana umekwenda salama. Leo bandeji imetolewa. Kitu cha kwanza mama mkwe alichotazama ni bega la gauni lake la kijani, akaona alama ya pasi. Niliiunguza mwaka juzi, nikamwambia ni ua. Amecheka hadi muuguzi akamkataza. Mke wangu naye amecheka, na alikuwa hasemi nami tangu juzi. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kampuni imejibu! Safari hii binadamu, tena mwenye adabu. Anasema maelezo yangu yamethibitisha pasipo shaka kwamba akaunti ni yangu, kwa hiyo wamenirudishia. Kuhusu chapisho lenyewe, bado wanalipitia.

Nikalifuta mwenyewe papo hapo. Nikaandika na sahihisho: mvuke hautibu macho, nendeni hospitali. Limesomwa na watu kumi na wanne.

Lakini Tabibu ana wafuasi elfu kumi na moja sasa. Watu elfu kumi na moja wanamngoja! Kuwaacha hivi hivi ni ukatili. Na mama mkwe amelalamikia goti tangu asubuhi. Nimewaza sana juu ya wanga wa uvuguvugu. Goti si jicho, hakuna wa kuumia. Sentensi ya kwanza iko tayari, na simu ya mke wangu nimeiweka kwenye mfuko wa shati, nisije nikaipoteza.