Kopo la Mwisho la Dawa

Jumatatu, 3 Agosti
Baba amekuja na futi. Amepima chumba cha mbele mara mbili na kuandika vipimo kwenye kiganja. Jumapili mashine yake ya kuangulia vifaranga inaingia, draya za shangazi za kukaushia nywele zinatoka. Shangazi ni dada yake, anaishi nasi, na saluni ni yake. Hakubisha. Alisema mayai angalau hayalalamiki yakipashwa moto.

Mimi ninabisha. Kimoyomoyo, kama ninavyobisha kila kitu.

Chumba kile kimekuwa saluni miaka tisa. Zamani, Jumamosi, kilijaa wanawake hadi wengine wakakalia ndoo zilizopinduliwa. Dawa ya kulainisha nywele ilinuka mpaka machozi yakanitoka. Nilikaa chini ya draya mbovu, ile inayofunika kichwa kama kofia ya chuma, kitabu mapajani, masikio nje. Nilijua nani kaachwa na nani anajifanya hajaachwa. Shule haijanifundisha nusu ya hayo.

Jumanne, 4 Agosti
Nimekaa kuorodhesha sababu za saluni kufa. Nimepata moja tu.

Miaka miwili iliyopita shangazi alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Daktari akamuuliza ameshika dawa ya nywele na kujipaka kwa miaka mingapi. Ishirini na miwili, akajibu. Daktari akaandika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, alisema jambo hilo bado linachunguzwa. Shangazi aliporudi nyumbani alitupa glavu. Ataosha, atasuka, lakini dawa hamwekei mtu tena kwa mkono wake.

Wateja wakahamia barabara ya pili. Hata mshonaji, rafiki yake tangu usichana, aliyekuwa akija hata kama hana nywele za kutengeneza. Siku hizi akipita hapa anashusha kilemba mpaka kwenye nyusi na kuvuka upande wa pili. Anaona aibu, nadhani, maana nywele zake bado zina dawa.

Mpango wangu: kuirudisha dawa. Kinatakiwa kichwa kimoja kizuri cha kuwaonyesha watu kwamba hakuna la kuogopa. Kichwa ninacho.

Sababu ya pili (ndogo): darasani wananiita Brashi. Si ya meno. Ya masufuria.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimelipata. Kopo la mwisho, nyuma ya kabati, limefungwa vizuri, karatasi ya maelezo bado imo. Baba alinikuta nimelala kifudifudi sakafuni, akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta historia. Akasema historia iko shuleni, nitoke hapo, nitamharibia vipimo.

Nililinusa kopo kupitia kifuniko. Harufu ile ile. Nikawaona wote, mke wa fundi saa akicheka mpaka anashika ukuta, shangazi na kitana mdomoni akijaribu kujibu. Nilikaa na kopo mapajani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 7 Agosti
Maandalizi. Nimeosha kichwa mara tatu kwa sabuni ya kipande. Nimekisugua kwa chanuo la meno membamba mpaka kikawaka. Kazi chafu haipelekwi kwa mwalimu.

Jumamosi, 8 Agosti
Naandika nikiwa nimeegemeza paji la uso mezani. Nyuma hakuguswi.

Shangazi alitoka kwenda sokoni saa tatu. Nikajipaka. Nikaketi kusoma maelezo, yako katika lugha nne. Nilianza na utangulizi. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba nilichukua penseli nisahihishe. Dawa ilikuwa na dakika sita kichwani nilipofika kwenye onyo: usioshe wala kukuna kichwa siku kadhaa kabla ya kupaka. Sentensi hiyo haikuwa na kosa lolote.

Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu. Nilipiga. Mtaa mzima ulisikia.

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaingia langoni. Alidondosha kikapu, akaniinamisha uani na kunimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, mkono mmoja umenishika shingo kama alivyokuwa akiniosha nikiwa na miaka sita. Hakugomba. Maji yalipoacha kuteleza aliuliza nilikuwa natafuta nini ndani ya kopo lile. Nikasema ukweli: chumba. Akasema yeye dawa hajaikumbuka hata siku moja. Kelele ndizo alizozikumbuka.

Mshonaji alifika wa kwanza, anahema, sindano bado kwenye kola. Nyuma yake mke wa fundi saa, na wengine. Mshonaji alitazama kisogo changu, akafungua kilemba palepale, akaonyesha kovu nyuma ya sikio. Hili, akasema, ni kazi ya shangazi yako tukiwa na miaka kumi na saba, akanihonga peremende nisimwambie mama. Wote wakaanza kufunua makovu yao. Shangazi akamwambia taratibu: mimi nilikataa dawa, dada, sikukukataa wewe. Mshonaji akasema: ungelisema hilo mapema, mimi shingo imeniuma miaka miwili kwa kupita hapa nimeinama.

Walicheka. Kisha mmoja wao akalia kidogo. Nilijifanya nasoma.

Jumapili, 9 Agosti
Baba alifika na mashine saa nne. Chumbani kulikuwa na wanawake saba, na shangazi amekwisha kumsuka mshonaji nusu ya kichwa. Baba akasimama mlangoni, mashine mikononi, akauliza kwa adabu aiweke wapi. Mshonaji akamjibu popote atakapo, kaka, ila hapa pana watu. Sasa ipo chumbani kwangu karibu na mto. Mayai sitini. Joto ni kali.

Nimekaa kuchambua ushindi huu. Ni nini hasa kilichowaleta? Si kusuka, maana kusuka kulikuwepo miaka miwili na hawakuja. Si maneno ya shangazi, hayo yalisemwa wakiwa wameshafika. Jibu ni moja. Walikuja kukitazama kichwa changu.

Shangazi anasema kidonda kitakauka kwa wiki moja. Wiki moja tu. Baada ya hapo watakuja kutazama nini?

Ameniapisha nisiguse tena kitu chochote cha nywele kinachotoka kwenye kopo. Nimeapa, na kiapo changu nakiheshimu.

Piko, ile rangi nyeusi ya nywele, inauzwa kwenye pakiti.