Grisi kwa Meno Yenye Kiu

Jumatatu, 4 Agosti
Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: sijui kuendesha hata baiskeli. Naliandika hapa ili shajara ijue inaishi na nani. Nyumbani wote wanaamini nilijifunza kwa binamu zangu likizo moja. Nilichojifunza kwa binamu zangu ni kusoma juu ya paa bila kuonekana.

Hata hivyo, pikipiki ya babu naitaka. Marehemu alikuwa akinipakia nyuma kila Jumamosi kwenda maktaba, nimeng'ang'ania koti lake, vitabu vinanichoma mgongoni. Sasa inakaa kibandani nyuma ya jiko. Baba huiendesha mara moja moja, nayo husaga huko nyuma kana kwamba inatafuna changarawe.

Leo mezani Baba ametangaza kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kama kelele zikiisha itabaki. Akasema itabaki. Na atakayezimaliza ndiye atakayefundishwa kuiendesha.

Kaka yangu akacheka hadi akapaliwa. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi. Pasi yenyewe huunguza upande mmoja.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeshinda na kitabu cha matengenezo alichoacha babu. Nimegundua ugonjwa. Pikipiki hii haina cheni. Ina shafti: chuma kirefu kinachozunguka ndani ya bomba na kupeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Pale vinapokutana kuna meno, ya huku yanaingia katikati ya ya kule. Yakikauka yanasagana. Dawa: kusafisha, kupaka grisi. Basi.

Nimetembea nyumba nzima kama daktari. Hakuna aliyeona.

Jumatano, 6 Agosti
Nati ya gurudumu imekataa. Nimeivuta. Nimeipiga teke. Nimeisomea aya inayohusika. Haikutikisika.

Ikabidi nimwendee Injinia. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, ametulia kama mtu anayesubiri kuombwa. Akasema atafungua, mdogo wangu, hakuna shida, ila nimwandikie insha yake ya likizo. Mada: faida za kujitegemea. Nikakubali. Akaifungua kwa mkono mmoja huku akipiga mluzi. Mluzi haukuwa wa lazima.

Gurudumu likatoka. Meno yalikuwa makavu kabisa, yamejaa unga mwekundu wa kutu. Nimeyasugua kwa mswaki wa zamani niliouona bafuni. Yameng'aa. Jioni Injinia amezunguka akiuliza nani ameona mswaki wake. Kumbe haukuwa wa zamani.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku ya grisi. Kitabu kinasema nipake utando mwembamba. Nimelifikiria neno hilo kwa makini. Mwembamba kwa nani? Mwandishi hakujua meno haya yamekaa makavu tangu babu afariki. Mtu mwenye kiu ya namna hiyo humlambishi maji kwa ncha ya kidole.

Nimechukua kijiko kikubwa cha Mama cha kupakulia. Nimejaza meno, nafasi kati ya meno, na kila shimo lililoonekana lina huzuni. Kopo la grisi likabaki nusu.

Injinia amekuja kufunga nati. Akachungulia, akauliza kama hiyo ni grisi au keki. Akasema hiyo hupakwa kama mafuta ya mdomo, mdogo wangu, kidogo tu. Nikamjibu kwamba kitabu hakitaji midomo. Sikuongeza kwamba yeye hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Nilikitazama tu kitabu, kisha nikamtazama yeye. Akainua mabega, akafunga, akauliza insha imefika wapi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeandika insha ya kujitegemea. Ni nzuri mno kwa Injinia. Nimeweka makosa machache ili iaminike.

Mama anatafuta kijiko. Nimemsaidia kutafuta.

Tone jeusi limetoka katikati ya gurudumu na kudondoka sakafuni. Dalili njema. Grisi imefika kila mahali.

Jumamosi, 9 Agosti
Mnunuzi alifika mapema na mkokoteni na mzani wake. Baba akavaa helmeti, akawasha, akaondoka.

Kimya. Hakuna changarawe, hakuna kusaga. Mnunuzi akatikisa kichwa kama mtu aliyefika harusini chakula kimeisha. Mimi nikageukia ukuta, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kulowa.

Baba akageuza kule juu ya mtaa, akarudi kwa mteremko. Akatupita getini, mkono juu. Nikampungia. Kumbe hakuwa anapunga. Alikuwa anasema breki.

Breki ya mbele, waya wake ulikatika enzi za babu. Ya nyuma inakaa ndani ya gurudumu lilelile, jirani kabisa na yale meno. Grisi ilikuwa imefika kila mahali.

Alisimama mwisho wa mtaa, kwenye kamba ya nguo ya mwalimu wangu wa hesabu. Tulimkuta amevaa mashati matatu, yote ya mwalimu. Goti limechubuka. Mwalimu alimpa pole, kisha akaniuliza taratibu kama nakumbuka ile mada ya makadirio. Nikasema naikumbuka, Mwalimu. Akasema hakuwa na uhakika.

Mnunuzi alikuwa ameketi juu ya mzani wake, amechangamka tena. Baba akaisukuma pikipiki hadi kibandani. Akatoka, akatutazama wote. Akasema alitaja kelele, hakutaja breki, na yeye si mtu wa kugeuza maneno yake. Inabaki.

Mnunuzi akaondoka na mkokoteni mtupu. Mama akasema Injinia ndiye asafishe breki, na mimi nisiguse kitu. Baba akaongeza kwamba kesho jioni ataanza kunifundisha. Kwa anayejua baiskeli, alisema, ni jambo dogo.

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 10 Agosti
Injinia ameosha breki asubuhi nzima kwa petroli na sabuni. Amerudisha gurudumu. Amesema insha ni ndefu mno.

Nimepekua kitabu cha babu nikitafuta namna ya kutoanguka. Hakuna. Kinadhani msomaji anajua. Basi mchana nikaenda kibandani kufanya mazoezi pikipiki ikiwa kwenye stendi yake. Nilikaa vizuri. Sikuanguka hata mara moja. Nikakanyaga breki.

Ikalia. Kidogo tu, kama mlango wa kabati, lakini ililia. Nikakanyaga tena. Ikalia tena. Baba alisema kelele zikiisha itabaki, na hii ni kelele.

Nikashuka. Kopo la grisi lilikuwa kwenye rafu, nusu yake bado ipo. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa nje, anaanika mashati ya mwalimu. Kijiko alikuwa amekipata na kukificha nyuma ya sahani. Nikakichukua, nikarudi kibandani, nikafungua kopo.