Boneti ya Bluu na Jicho la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mambo yameharibika! Daktari wa macho amesema Baba atapasuliwa Jumatano, jicho la kulia, na Alhamisi bandeji inatoka. Dada amelia kwa furaha. Mimi pia nimelia. Kwa sababu zangu.

Sababu yenyewe imeegeshwa uani: gari la Baba, la bluu, kuukuu kuliko ndoa ya Dada. Baba alikuwa fundi wa rangi za magari, na hili alilipaka mwenyewe. Ndiyo kazi yake ya mwisho kabla mtoto wa jicho hajamfungia dunia. Miaka miwili sasa ananiuliza kila asubuhi gari linaendeleaje. Kila asubuhi namjibu linang'aa kama kioo.

Halina mng'ao hata chembe. Nilizoea kulimwagia maji ya kisima kwa mpira, juani, kisha naliacha likauke lenyewe huku nikinywa chai. Maji yale ni ya chumvi. Boneti nzima, hata milango, imejaa madoa meupe ya mviringo, utadhani imeugua tetekuwanga.

Siku tatu ninazo. Zinatosha na kubaki.

Jumanne, 4 Machi

Sabuni: bure. Sabuni ya pili: bure vilevile.

Mume wa Dada amekuja kumjulia hali Baba. Shemeji ni mtu wa kukunja leso mara nne baada ya kupenga kamasi. Alipita karibu na gari, akasimama, akaninong'oneza nichanganye siki nyeupe na maji safi, nusu kwa nusu, nipake kwa kitambaa laini gari likiwa kivulini, nisuuze, nirudie. Mwisho polishi kidogo. Eti madoa ya siku nyingi yanataka subira. Akajitolea kuja kesho tusaidiane.

Nilimshukuru, nikakataa. Ili Baba aje aambiwe gari limeokolewa na Shemeji? Thubutu!

Siki nimeijaribu kwa siri. Dakika tano, doa moja, nalo limepungua tu. Kwa mwendo huo nitamaliza nikiwa na mvi. Lakini chooni kuna dawa ya kuondoa ukoko wa maji kwenye sinki. Na ukoko wa maji ni nini kama si madoa ya maji? Shemeji na leso yake hawajawaza hilo!

Jumatano, 5 Machi

Baba amepasuliwa salama. Dada alikuwa naye hospitali. Mimi nilisema nina kazi nyumbani. Kazi nilikuwa nayo kweli.

Dawa ya choo imeondoa madoa! Nilicheza uani peke yangu. Kisha nikaona imeondoa na rangi ya juu, yamebaki mabaka yaliyofifia. Nikachukua msasa nisawazishe. Ikaonekana bluu hafifu. Kisha kijivu. Kisha bati. Bati tupu, upana wa sahani, katikati ya boneti!

Nilikaa chini. Nikakumbuka Baba alivyolipaka, tabaka baada ya tabaka, mimi nimemshikia taa. Kila tabaka likikauka alipitisha kiganja taratibu, akatabasamu. Wiki nzima ya kazi. Mimi nimeimaliza kwa nusu saa.

Nimelifunika gari kwa shuka. Nitasema ni vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Bandeji imetoka. Baba alimtazama Dada kwa muda mrefu, akasema amekuwa mama yake mtupu. Akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Kisha akasema twende uani.

Nilisema jua ni kali. Akavaa miwani meusi. Nilisema kuna vumbi. Akavuta shuka mwenyewe. Shemeji, aliyekuja na Dada, akawa anatazama viatu vyake.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliweka kiganja kwenye bati, akakiacha pale.

"Lini?"

"Jana, Baba."

"Siulizi hapo. Hayo madoa ya kwenye milango. Ni ya lini?"

Nikasema ni ya miaka miwili.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Nilikuwa sioni tu. Mdomo ninao. Ningekaa kwenye kiti nikuelekeze. Tungekuwa na kazi ya kufanya, mimi na wewe."

Miaka miwili alikaa peke yake kwenye kiti hicho, nami nikipita na kikombe changu cha chai.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimemwomba Baba radhi. Alimaliza chai yake kwanza, ndipo akaniambia nilete ndoo.

Tumeshinda kivulini. Baba kwenye kiti, mimi na Shemeji kwenye milango, siki na maji, doa moja moja. Inaniuma kukiri, lakini yanatoka. Bluu ile imerudi! Boneti nimeipiga msasa laini kwa maji, na Baba akasema nasugua kama mtu mwenye upele. Alicheka hadi akashika jicho. Sijamsikia akicheka hivyo tangu lini? Na cheko hilo lilikuwepo siku zote, pale kwenye kiti.

Jioni tumepaka praima, rangi ya msingi inayotangulia bluu. Baba amesema isiguswe hadi Jumatatu. Akanitaka nirudie maneno yake. Nikarudia. Akanitaka nirudie tena.

Jumamosi, 8 Machi

Baba amejipumzisha baada ya chakula cha mchana. Nimeigusa praima kwa ncha ya kidole. Inanata bado. Alama imebaki, ndogo, haionekani ukisimama mbali.

Jumatatu ni mbali mno. Ingekuwa vizuri aamke aikute imekauka, afurahi. Dada amesahau hapa mashine yake ya kukaushia nywele. Joto ni joto.

Akiuliza, nitasema ni jua.