Mtaalamu Wako wa Mabonde ya Bahari Hajasema Ndiyo Wala Hapana

Ndugu Mkurugenzi wa Utafutaji Mafuta na Gesi Baharini,

Pokea salamu za heshima, na pole kwa kazi ya kutafuta kitu ambacho hakijamwambia mtu kama kipo. Mimi ni mama wa binti aliyechumbiwa na mtaalamu wako, yule mrefu anayekadiria mafuta na gesi kwenye mabonde ya chini ya bahari ambako hakuna aliyewahi kuchimba. Nakuandikia baada ya sala, hasira ikiwa imepungua kidogo. Gauni la binti liko kwa fundi cherehani tangu mvua zilizopita, na kazi yenu ndiyo inayolichelewesha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu alimwuliza kijana, kwa upole kabisa, ataoa lini. Akajibu kwamba dalili ni nzuri mno, ila taarifa bado hazijatosha. Shangazi mtu akaweka kikombe chini.

2. Alitueleza kwamba bonde lisilojulikana hupimwa kwa kulinganishwa na bonde jirani linalojulikana. Basi akamkalisha mkwe wangu mkubwa, mume wa dada mtu, akamhoji mchana kutwa: mke hununa kwa sababu gani, na kabla hajanuna huonyesha dalili zipi. Mkwe wangu yule ni msema kweli. Sijui nani alimlea hivyo.

3. Tulipotaka kujua upande wake watakuja wageni wangapi, alitoa makadirio matatu: ya chini ishirini, ya kati mia mbili, ya juu elfu nne. Mpishi wa harusi alicheka, kisha akaona kijana hacheki, akaomba maji.

4. Meli yenu hupiga mishindo baharini na kusikiliza mwangwi kutoka kwenye matabaka ya chini. Sawa, bahari haina mama. Lakini kijana naye hutupia neno mezani, mathalani "watoto sita", halafu hukaa kimya akitazama nyuso zetu moja moja. Siku aliyosema "kuhamia hapa kwenu" mume wangu alipaliwa, na naamini hilo nalo limerekodiwa.

Binti yangu husema, "Mama, mwache, ndivyo alivyo." Nimemwacha. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Naomba umwamuru kwa barua yenye muhuri aoe. Ikishindikana, simamisha utafutaji wote hadi harusi ipite. Mafuta yaliyokaa huko tangu Mungu aumbe dunia hayataoza. Hata hilo likishindikana, ujue kikundi chetu cha maombi cha akina mama kimeshaanza kufunga, tukiomba mafuta yajitokeze yenyewe juu ya maji, ili kijana wako akose cha kukadiria.

Nisalimie mkeo, katibu wako, mabaharia wote na anayewapikia.

Wako katika imani, na katika subira iliyobaki,
Mama wa Bibi Harusi Mtarajiwa

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, kijana ameingia na wazee wake. Yuko tayari, anataka harusi Jumamosi hii. Jumamosi hii, Mkurugenzi? Haraka ya nini? Mama yake nimemwona mara moja tu, na chai hakuimaliza. Tafadhali mrudishe baharini miezi sita hivi, bonde la mbali kabisa. Shangazi mtu ameshaondoka kwenda kuulizia mtaani kwao, na yeye huwa harudi upesi.