Tume ya Kuondoa Kinachoudhi Njiani

Inatangazwa kwa Waislamu wote wa mtaa wa Panda, kwa majirani zao wa kila dini, na kwa yeyote anayepita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa kusukuma mkokoteni, kwamba jiwe lililolala katika njia ya msikiti si jiwe tena. Ni suala. Limepokelewa rasmi, limekabidhiwa Tume, na tangu saa hii hakuna ruhusa ya kulisukuma, kulipasua, kulikalia wala kuanika nguo juu yake.

Tangazo hilo alilisoma Bwana Idrissa Casimir mwenyewe, kwa kipaza sauti cha msikiti, baada ya sala ya Ijumaa. Alilisoma kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kifaransa, akalimalizia kwa Kiarabu chote alichokuwa nacho, yaani dua ya kabla ya kula. Tukaitikia amina. Sisi Waislamu wa Panda ni wachache, lakini kwa kamati hatushindwi na mtu. Tuna kamati ya mikeka. Tuna kamati ya maji ya kutawadha, na nyingine ya kuchunguza ile ya maji imefikia wapi.

Jiwe lenyewe lilikuja mvua zilipoanza. Lori fulani lililojaa mawe ya chokaa kutoka upande wa Kakontwe lilikata kona vibaya, likaangusha pande moja kubwa katikati ya njia, likaenda zake. Njia yetu ni nyembamba: huku ukuta wa kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, huku mtaro. Mwenye miguu mizima alijibana ukutani akapita. Asiye nayo alibaki.

Aliyebaki ni Mama Marceline, mama mzazi wa Casimir. Wanakaa nyumba ya mwisho kabisa, na hakuna pa kutokea kwingine. Mama ni Mkatoliki tangu utotoni, nyonga yake ni mbovu, na tangu jiwe lianguke alikuwa hajafika misa. Alijaribu mara moja, akateleza mpaka mtaroni, rozari mkononi. Baada ya hapo, kila Jumapili alivaa kitenge chake kizuri, akakaa barazani, akasikiliza kengele kwa mbali, akavua, akaenda kuchambua maharage.

Casimir alimpenda mama yake, hilo lisemwe mapema. Ni kwa ajili yake alisimama msikitini akatukumbusha mafundisho kwamba imani ina matawi mengi, na kwamba hata kuondoa kinachowaudhi watu njiani ni mojawapo. Alizungumza vizuri mno. Kutoka njiani aliingia kwenye maslahi ya umma, akapitia haki za jirani asiye wa dini yako, akagusa shura, akauliza Mwislamu ni raia wa namna gani katika mji wa leo. Kufikia hapo vijana walikuwa wamekwisha kunja mikono ya kanzu, tayari kwenda kusukuma.

“Minute!” Casimir aliwazuia. “Munataka kwenda paka vile, ovyo tu, bila structure?”

Vijana wakakunjua mikono, wakakaa. Ndivyo Tume ilivyozaliwa.

Lazima mtu amwelewe Casimir. Alikuwa karani wa ofisi ya mgodi mpaka ofisi ikafungwa, na tangu hapo alikosa kitu kimoja tu maishani, mkutano. Sasa alikuwa nao, tena na kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha mahameli mekundu, kipana, cha kukodishwa harusini, na Tume ilikiweka chini ya turubai kando ya jiwe ili yeye, rais wa Tume, awe karibu na suala. Kisha kazi ikaanza. Jiwe lilipakwa rangi ya kijani, mtu asijikwae. Halafu, kwa usalama wa wapita njia, lilizungushiwa vigingi na kamba, na kwa sababu hiyo hata wale waliokuwa wakijibana ukutani hawakuweza tena kujibana. Wakawa wanapita mtaroni.

Imamu Sefu, mtu mpole aliyetoka upande wa Kigoma, aliinua mkono katika kikao.

“Jamani, kwa nini tusilisukume tu?”

“Sheikh,” Casimir akamjibu kwa heshima, “hiyo ni hatua ya utekelezaji. Siye tungali kwenye hatua ya dhana.”

Dhana ilihitaji muda. Mwishowe Tume ilikubaliana kwamba kuliondoa jiwe ni faradhi kifaya, ule wajibu wa jamii nzima ambao wachache wakiutimiza, wengine wote wanasalimika. Hapo hatukukosea. Tulikosea mbele kidogo, pale tulipoamua kwamba maadamu Tume imeshauchukua wajibu, basi wengine wameshasalimika, hata kama jiwe bado lipo. Uamuzi huo ulipigiwa makofi. Kila mtu alirudi nyumbani, kupitia mtaroni, akijisikia mwepesi.

Halafu tukapata bahati. Mjumbe wa ofisi moja kubwa mjini alikubali kuja Jumapili kuzindua rasmi kuondolewa kwa jiwe. Casimir hakulala vizuri kwa furaha. Alimwambia mama yake habari hiyo kama zawadi.

“Jumapili saa ngapi?” Mama Marceline aliuliza.

“Asubuyi, Mama.”

“Mbele ya misa ao nyuma?”

“Inategemea protocole.”

Mama alirudi kwenye maharage yake. Ila alasiri ya Jumamosi, Tume ilipojifungia kupanga nani azungumze kabla ya nani, alisimama mlangoni pake akamwita Blaise. Blaise ni jirani, kijana anayechimba shaba kwa mkono, mtu wa kanisa la uamsho, anayeimba sauti ya chini mpaka vikombe vinatetemeka. Alikuja na wenzake na nyundo kubwa. Sisi, ndani ya kikao, tulisikia kishindo cha kugonga. Kilituudhi sana. Casimir akaagiza dirisha lifungwe tushauriane kwa utulivu.

Tulipotoka, jiwe halikuwepo. Vipande vyake vya kijani vilikuwa vimejazwa kwenye mashimo ya matope, njia imenyooka na kukauka, na watoto walikuwa wakikimbiza tairi pale pale penye suala letu. Blaise alikuwa akifuta nyundo.

“Weye njo umevunja dossier yetu, faili ya Tume?” Casimir alimuuliza.

“Dossier gani, ba président? Minye nimevunja paka libwe tu. Maman Marceline alinilomba. Kesho iko na misa.”

“Nani alikupa mandat ya kuvunja?”

“Nyundo ilikuwa mu mukono.”

Casimir alivuta pumzi. Aliona kwamba mbele yake yupo raia asiyeelimishwa, na akaamua kumwelimisha.

“Sikiliza, Blaise. Mu dini yetu kuko obligation, wajibu, ya kila mutu peke yake, na kuko obligation ya bote pamoja. Hii ya njia ni ya bote. Kama bamoja banaitwala, banaibeba, kwa bengine inatoka. Commission iliitwala. Kwako ilishatoka.”

“Hata siye ba église?”

“Surtout ninyi, ninyi zaidi.”

“Hata nikiona maman anashindwa kupita?”

Casimir alisita kidogo. Kwa haki kabisa, alisita. “Hata ukiona. Unaona, unaendelea na safari yako. Uko libre, huru kabisa.”

“Niko libre,” Blaise alirudia polepole, kama mtu anayeweka namba ya simu kichwani. “Merci, ba président.”

Tulirudi kikaoni kwa dharura. Hali ilikuwa mbaya. Mjumbe anakuja kesho, kitambaa cha kumkaribisha kimeshaandikwa, na hatuna kikwazo hata kimoja.

“Kinachoudhi kimeondoka,” alisema Imamu Sefu. “Alhamdulillahi.”

“Kimeondoka bila siye,” Casimir akamjibu, kwa sauti ya kutangaza msiba.

Ni Franck, katibu wetu, aliyetuokoa. Shemeji yake anaendesha lori la mawe. Shura ikafanyika, yaani tulishauriana wote tuliokwisha kubaliana, tukaamua jiwe jingine liletwe asubuhi na mapema. Lisiwe dogo kuliko la kwanza, mjumbe asije akaona amedharauliwa. Imamu alitoka akaenda kutawadha, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Jumapili asubuhi lori lilirudi kinyumenyume katika njia yetu, likainua tumbo, likashusha. Lo! Lilikuwa jiwe haswa, limeziba kutoka ukutani mpaka mtaroni, mtaro wenyewe ukiwa ndani. Franck alipiga picha. Casimir alikalia mahameli yake, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akaangalia saa.

Hapo Mama Marceline akatokea upande wa pili. Kitenge kizuri, kilemba, rozari, mkoba mdogo mweusi. Alikuwa ametabasamu toka nyumbani. Alipofika kwenye jiwe tabasamu likamtoka taratibu, na kila aliyekuwepo aliliona likitoka.

“Casimir.”

“Mama.”

“Jana mangaribi nimefika mupaka hapa na miguu yangu. Njia ilikuwa wazi.”

“Ndiyo, Mama.”

“Sasa libwe ilizala?”

Blaise na wenzake, waliokuwa wamekaa juu ya makreti ya soda, wakaangalia chini. Casimir alieleza kwamba jiwe hili ni la muda, kwamba limeletwa ili liondolewe, kwamba mjumbe yuko njiani. Alijisikia akieleza. Kila neno lilikuwa sahihi, na hakuna hata moja alilotamani kulisikia tena. Mama alitafuta tofali, akakalia, akaweka mkoba magotini.

Casimir alimpigia mjumbe simu. Mjumbe alisema yuko njiani. Alipiga tena, mjumbe alikuwa njiani zaidi. Kengele ya kwanza ya misa ikalia. Mama Marceline alifanya ishara ya msalaba pale pale juu ya tofali, akaanza kufungua kilemba chake, taratibu, kama Jumapili zile nyingine zote.

Kile kilemba ndicho kilichommaliza Casimir. Alimwonea mama yake huruma, na aibu ikampanda hata asijue aangalie wapi. Aliruka kutoka kitini, akasukuma jiwe kwa mabega. Jiwe halikujua kwamba anayesukuma ni rais. Aliteleza, kanzu ikapasuka kwenye goti.

“Blaise! Kuya tusaidiane.”

“Ningekuya, ba président,” Blaise alisema kwa masikitiko ya kweli. “Lakini niko libre.”

“Sikiliza, ile ya jana…”

“Uliniambia hata nikiona. Minye naona. Naendelea na safari yangu.” Na hakuinuka kwenye kreti. Wenzake wakatikisa vichwa kuafiki; hata Waislamu wenzetu wakasema kweli, uamuzi ulipitishwa, tena kwa makofi.

Casimir akamgeukia Imamu Sefu. “Sheikh, sema neno.”

“Nani alisema wajibu uko kwa Tume peke yake?”

“Minye.”

“Basi urudishe ulikoutoa. Na akishindwa kila mtu, dhambi ni ya wote. Lakini mimi ningekuwa wewe, ningeihesabu kwanza kwangu.”

Casimir aliangalia kiti. Aliangalia turubai, kitambaa cha kukaribisha, na wanachama wa Tume waliokaa kwa cheo. Hakuna kitu alichokipenda kama kile, isipokuwa yule bibi aliyekuwa akikunja kilemba juu ya tofali. Akasema, bila ajenda, bila kuomba ridhaa ya kikao, kwa sauti ndogo kabisa:

“Tume imevunjwa.”

Blaise akasimama, akapangusa suruali. “Alors, obligation iko wapi sasa?”

“Iko kwetu sote.”

“Hata siye ba église?”

“Surtout ninyi, ndugu yangu. Tafazali.”

Nyundo zikainuka. Casimir alipewa moja, akagonga nayo miguu yake zaidi ya jiwe, lakini hakuiachia. Imamu alivua kofia akabeba vipande. Franck alipokonywa simu akapewa sururu. Vumbi la chokaa lilitufunika sote, ukawa hujui nani wa misa, nani wa uamsho, nani wa msikiti. Kengele ya pili ililia wakati pengo limefunguka, lakini chini palikuwa pamejaa vipande vyenye ncha kali, si mahali pa kupita mtu wa nyonga.

“Leteni kiti,” Casimir alisema.

Mahameli mekundu yakavushwa upande wa pili. Mama Marceline alifunga tena kilemba chake, akakaa, akaweka mkoba magotini, akashika mikono ya kiti kama mtu aliyezoea. Wakamwinua: Blaise mguu mmoja, mwenzake mwingine, Imamu Sefu wa tatu, na Casimir wa nne, ule wa nyuma, unaokula vumbi.

Walipokaribia kona, gari la mjumbe likaingia njiani, jipya, pana, limejaa kutoka ukutani mpaka mtaroni. Mjumbe alishusha kioo. Hotuba ilikuwa tayari mkononi.

“Wapi président wa Commission?”

Casimir, nyusi zimekuwa nyeupe, alionyesha juu, kitini, kwa kidevu.

Mjumbe akarekebisha tai. “Madame la présidente, kwa niaba ya wakubwa wa mji, na kwa kutambua mchango wa dini zote katika uraia mwema…”

“Papa,” Mama Marceline alimkatiza kwa upole, “motokari yako iko katikati ya njia.”

“Ndiyo, maman, lakini hotuba ni fupi.”

Blaise alimwomba mtu amshikie mguu wa kiti. Akapokea nyundo yake kwa mwenzake aliyeibeba, akalizunguka gari taratibu, akaligonga gonga kwa kidole kwenye taa, kama wanavyogonga wachimbaji kujua mwamba utapasukia wapi. Kisha akamgeukia Casimir kwa heshima zote.

“Papa Casimir, ile obligation ya kutengeneza njia ilishaisha, ao ingali?”

Dereva hakusubiri jibu. Alirudi kinyumenyume mpaka barabara ya lami, mjumbe akiwa bado anasoma dirishani, na sisi tukamfuata na mama juu ya kiti.