Cheti Changu na Mkono wa Bi Kijakazi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Miezi minne sasa tangu nirudi kutoka Dar na cheti cha ubobezi wa vidonda na miguu ya kisukari. Mwaka mzima chuoni! Godoro limebonyea, wali maharage kila siku, mitihani minne. Nimerudi: mshahara uleule, kazi ileile. Napima uzito wa watoto. Mimi, Maftaha, mbobezi pekee katika kituo hiki!

Chumba cha vidonda kina mwenyewe. Bi Kijakazi, mhudumu wa afya, darasa la saba, ufunguo shingoni miaka ishirini na sita. Eti ana mkono mwepesi. Mwisho wa mwezi anastaafu, alhamdulillahi. Lakini leo kikaoni mganga mfawidhi wetu, Dokta Bonaventura, katuambia wagonjwa wameomba aongezewe mwaka mmoja. Atatoa jibu tarehe 29. Mwaka mwingine na mizani! Haiwezekani.

Na kila asubuhi mimi ndiye wa kumpa shikamoo. Anaitikia marahaba mwanangu, halafu anauliza kama nimekunywa chai. Inaniudhi mno.

Jumatano, 13 Agosti

Mkakati wa kwanza. Cheti nimekitia fremu ya kioo, na picha yangu pembeni. Nimekitundika mbele ya benchi la foleni, wagonjwa wajionee wenyewe.

Saa tatu bibi mmoja wa Kilangala kasimama mbele yake, kainua mikono, kaomba dua ndefu. Foleni nzima ikaitikia amina. Kisha akauliza marehemu alikuwa na watoto wangapi. Nami nimesimama palepale! Bi Kijakazi akamweleza kwa upole kwamba marehemu ndiye huyu hapa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Cheti nimekihamishia chumba cha mizani. Watoto wachanga angalau hawaniombei dua.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkakati wa pili. Kadi za namba! Shufwa kwa Bi Kijakazi, witiri kwangu. Dokta Bonaventura karidhia tujaribu. Haki tupu, hakuna wa kulalamika.

Hadi saa nne mezani kwangu hakuna hata nzi. Wamebadilishana kadi. Mzee Fakihi, mvuvi wa pweza wa Mchinga, kisukari cha miaka kumi, alipata namba tatu. Akamwachia mwenzake pweza mzima ili apewe namba kumi na nane. Pweza mzima, ili mimi nisimguse!

Jioni nimeandika barua wilayani. Kwamba hapa kuna mhudumu anatibu vidonda bila cheti. Jina sikuweka. Nimeandika kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, 18 Agosti

Jibu limekuja! Wilaya inataka Bi Kijakazi apimwe Alhamisi, na atakayempima ni muuguzi mwenye cheti husika. Yaani mimi! Nimejifungia stoo nikacheka peke yangu. Akifeli, habari ya mwaka wa nyongeza imekwisha.

Nimetunga maswali arobaini. Mke wangu Ziada kanikumbusha kwamba nilipokuwa chuoni ni Bi Kijakazi aliyekuwa akimletea mihogo kila wiki. Nimemwambia haya ni mambo ya kitaaluma.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi.

Bi Kijakazi kasahau miwani, kwa hiyo ikabidi nimsomee maswali. Swali la saba: mgonjwa wa kisukari kaja kufungwa mguu, unaanzaje? Akajibu kwamba unavua viatu vyote viwili hata kama unaouma ni mguu mmoja, unanusa, unatafuta mapigo ya damu, unapitisha kidole kati ya vidole vyote vya mguu. Kama kitabu! La nane vilevile. La tisa vilevile. Jasho likanitoka mimi.

Katikati ya mtihani Mzee Fakihi akaja kubadilishiwa bandeji. Bi Kijakazi akaomba atoke amwone mara moja. Nikakataa, mtihani ni mtihani. Nikatoka mwenyewe, nikambadilishia mguu wa kulia harakaharaka. Kiatu cha kushoto sikukivua. Nilikuwa nawahi swali la kumi.

Mtihani ulipokwisha, mzee alikuwa bado getini anamsubiri Bi Kijakazi. Bi Kijakazi akamvua kiatu cha kushoto. Vidole viwili vyeusi, na mzee hasikii kitu. Gari likamkimbiza hospitali ya mkoa muda uleule.

Bi Kijakazi amepata arobaini kwa arobaini. Nimeandika thelathini na nane.

Ijumaa, 22 Agosti

Mzee Fakihi amekatwa vidole viwili. Wamesema angechelewa siku mbili zaidi ungekatwa mguu. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Nimemfuata Bi Kijakazi, nikamuuliza kitabu changu alikiiba lini. Akashangaa. Akasema aliyemfundisha ni mimi. Ile wiki niliyorudi, nilikaa naye chumba cha vidonda nikijigamba siku tatu na masomo yangu. Kila jioni akamsimulia mjukuu wake, mjukuu akaandika daftarini, yeye akakariri. Akasema lile swali la saba nilimweleza mara mbili.

Kweli. Wengine wote waliniuliza kama nimepandishwa daraja. Yeye peke yake aliniuliza nimesoma nini.

Nimeona aibu. Nimekaa chooni robo saa, natazama mlango.

Ijumaa, 29 Agosti

Jibu limetoka. Mwaka wa nyongeza Bi Kijakazi kaukataa mwenyewe. Kamwambia Dokta Bonaventura ufunguo apewe mwalimu wake. Akauvua shingoni mbele ya watu wote akanivisha mimi. Kamba ilikuwa bado ina joto.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku yangu ya kwanza! Nimefungua saa moja kamili. Koti jeupe. Cheti ukutani.

Hadi saa tano benchi tupu. Wote wako barazani kwa Bi Kijakazi. Wanakuja kwangu kuchukua bandeji tu, kisha wanaondoka nazo.

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa kumsimulia. Mtu akijua unachokijua, cheti chako kina kazi gani? Nimejaza fomu ya kozi nyingine, ubobezi wa majeraha ya moto, miezi tisa. Nikirudi simwambii mtu kitu. Fremu nimeshaagiza, kubwa zaidi, bila picha.

Bi Kijakazi habari zimemfikia. Kaniletea salamu na kikapu cha mihogo. Anasema nikirudi nisiache kupita kwake, ananunua daftari jipya.

Thubutu! Mihogo nimekula.